Lenzi ya mbali: mama aangalie haya kabla ya kutoa pesa ya likelemba

Kupiga foto za ndoa, ubatizo na proklamasio ya masomo ni kazi inayolisha vijana wengi katika miji yetu, na mabinti wetu nao wameiingia. Wengi wanaanza na kamera ya kubadilisha lenzi, pamoja na lenzi ndogo ya milimita 18-55. Baada ya muda binti anasema: “Mama, unisaidie nipate lenzi ya mbali.” Hiyo ni pesa kubwa ya nyumba. Ni vizuri mama ajue inanunua nini.

Lenzi za mbali ni za aina mbili. Zumu unaizungusha, na kitu kinakaribia. Nyingine ina urefu mmoja tu: 85, 135 au 300. Hiyo haivuti, ukitaka kukaribia, unatembea.

Kwa nini basi watu wa kazi wanaipenda? Sababu ni mwanga. Lenzi ya 18-55 ikivutwa mpaka mwisho, kwa kawaida tundu lake linafunguka f/5.6 tu. Lenzi nyingi za 85 zinafunguka f/1.8. Namba ikiwa ndogo, tundu ni kubwa: hapa mwanga unaoingia unazidi karibu mara 10. Ndani ya kanisa lenye giza, au umeme ukikatika jioni, bibi harusi bado anatoka na uso safi, na fujo ya nyuma yake inafifia.

Kwa anayeanza, 85 f/1.8 inatosha. Ile ya Canon ilitoka mwaka 1992 na inapima gramu 425. Kwenye kamera za Canon za bei ya chini inaona karibu kama lenzi ya 135. Kwa hiyo katika chumba kidogo haitashika jamaa yote. Lenzi ya kwanza isiuzwe. Ya 300 ni ya ndege, wanyama na mpira. Kwa ndoa ni ndefu mno.

Mkinunua iliyotumika:

- Mwende na kamera yenyewe. Lenzi ya Nikon haiingii kwenye Canon. Tena lenzi za zamani za Nikon, AF-D, hazijilengi zenyewe kwenye kamera ndogo kama D3000 au D5000.
- Mmulike ndani kwa tochi. Mkiona nyuzi kama za buibui, ni ukungu. Muiache.
- Apige foto palepale, tundu likiwa wazi kabisa, kisha azikuze aone kama macho ya mtu yako wazi.

Nyumbani, lenzi ikae katika boksi la plastiki linalofungwa vizuri, pamoja na vipakiti vya kukausha unyevu. Mfuko wa ngozi wakati wa mvua unaleta ukungu.

Na tuwaonye mabinti: lenzi ndefu inaonekana toka mbali. Wasiielekeze kwa askari, daraja wala uwanja wa ndege, na wasipige mtoto wa mtu bila ruhusa ya mzazi.

Kabla kikundi hakijakopesha, binti aandike kwa mwezi mmoja kazi alizopata, na zile alizokosa kwa sababu ya giza au umbali. Akiweza, akodi lenzi hiyo kwa ndoa moja. Kama hesabu inaonyesha itajilipa yenyewe, tumpe bila woga. Kama haionyeshi, aendelee na ile ndogo, na pesa ingoje.