Mlinzi wa Lango la Moyo



Kila jioni, kengele ya kulala ikisha kupigwa, askari wa usiku huzunguka shule yetu na tochi yake. Hutazama kufuli la stoo, humulika madirisha ya maabara, kisha hutikisa lango aone kama limefungwa barabara. Hakuna amwulizaye kwa nini anafanya hivyo, maana sote twajua kuwa penye mali hapakosi mwizi. Lakini iko mali moja ambayo kila mmoja wetu anayo, kubwa kuliko vitabu vyote vya maktaba, na mara nyingi twaiacha usiku kucha bila mlinzi. Mali hiyo ni moyo.

Katika kurasa hizi nataka kueleza maana ya kulinda moyo kwa Mkristo. Na hasa nataka kueleza jambo moja ambalo mimi mwenyewe nilichelewa kulijua, nalo ni hili: mwizi wa hatari kabisa si yule ajaye na sura ya mwizi, bali ni yule ajaye na sura ya haki.

Moyo ni nini?

Mganga akisema moyo, ana maana ya kile kipande cha nyama kinachosukuma damu mwilini. Lakini lugha yetu yajua zaidi. Mtu aliyeshindwa twasema amevunjika moyo. Amsaidiaye amtia moyo. Asiyesikia la mtu ana moyo mgumu. Na mwanafunzi aliyelishika somo lake sawasawa twasema analijua kwa moyo. Basi moyo si mahali pa huruma na mapenzi peke yake. Ndipo mtu anapofikiri, anapokumbuka na kukata shauri. Waebrania walioandika Agano la Kale nao walilitumia neno hili hivyo hivyo.

Katika Mithali, mlango wa 4, baba anazungumza na mwanawe. Anamwambia kwamba katika yote anayoyalinda, moyo uwe wa kwanza, kwa kuwa uzima wabubujika kutoka humo kama maji ya chemchemi. Wale wanaotoka milimani kama Kigezi watalifahamu neno hili upesi. Ng'ombe wakiingia katika chemchemi huko juu na kuichafua, wachotao maji huku chini watapata tope. Waweza kuusugua mtungi wako mpaka ung'ae, lakini maji yatabaki machafu. Dawa si kusugua mtungi, bali ni kupanda juu na kujenga ua.

Tazameni pia utaratibu wa mlango huo. Baada ya moyo, yule baba anataja kinywa, kisha macho, kisha miguu. Sisi mara nyingi twaanza na miguu: twaweka sheria mtu asiende huku, asipite kule. Sheria hizo ni njema, na shule isiyo na sheria haifai. Lakini mvulana aweza kukaa ndani ya ua wa shule muhula mzima, asivunje sheria hata moja, na moyo wake ukawa umekwisha kuibiwa zamani. Bwana Yesu alifundisha vivyo hivyo katika Marko 7, kwamba uovu unaomtia mtu unajisi hutoka ndani yake, moyoni.

Jinsi lango linavyovunjwa

Tuchukue habari ya mfalme Daudi, katika 2 Samweli 11. Huyu ndiye aliyemwua Goliathi akiwa kijana, tena alimpenda Mungu kwa kweli. Mwaka ule, majira ya wafalme kwenda vitani yalipofika, alimtuma Yoabu, naye mwenyewe akabaki Yerusalemu. Jioni moja alitembea juu ya dari la nyumba yake, akamwona mke wa mtu anaoga. Akatazama. Kisha akauliza habari zake. Kisha akatuma watu wamlete. Alipotambua kwamba mambo yatajulikana, aliandika barua ya kumwua Uria, mume wa yule mwanamke, akampa Uria mwenyewe aichukue kwa mkono wake.

Fikirini jambo hili. Daudi hakuamka asubuhi ile akiwa mwuaji. Alipita ngazi moja baada ya nyingine, na kila ngazi ilikuwa fupi. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa wa Daudi ulikuwa jicho lililokawia mahali lisipopaswa kukawia. Sisi leo hatuna dari la mfalme, lakini tuna sinema, na wakati wa likizo tuna simu mkononi, ambapo jicho laweza kukawia saa nzima wala hapana amwonaye mtu.

Mwizi mwenye sura ya haki

Hata hivyo, tamaa ya Daudi ni mwizi tunayemjua. Akija, dhamiri hupiga kelele kama mbwa wa mlinzi. Yuko mwizi mwingine ambaye mbwa hambwekei, kwa sababu anamdhania ni mtu wa nyumbani. Huyu ni uchungu wa mtu aliyedhulumiwa kweli.

Nilipokuwa katika shule niliyosoma kabla ya kuja hapa, mwenzangu mmoja alipotewa na kijisanduku chake cha jometri. Akanitaja mimi. Nikachapwa viboko mbele ya darasa zima. Siku chache baadaye kijisanduku kilionekana chini ya sanduku lake mwenyewe la nguo. Akaja kuniomba radhi, nami nikamjibu, "Yamekwisha." Lakini hayakwisha. Kila tulipokuwa kanisani tukifika mahali pa kuomba tusamehewe kama tunavyowasamehe wengine, nilifunga kinywa changu mpaka maneno yale yapite. Sikuona kwamba natenda dhambi. Nilijiona mtu wa haki, maana haki ilikuwa yangu kweli. Muhula ukapita, wa pili ukapita, nami nikazidi kuwa mkali kwa watu ambao hawakunikosea neno. Miaka mingi baadaye nilikutana na mwenzangu yule, nikamkumbusha. Alikuwa amesahau kabisa. Muda wote ule mzigo nilikuwa nimeubeba mimi peke yangu. Kweli, kikulacho ki nguoni mwako.

Hayo ni mambo ya kitoto. Sasa niwape habari ya mtu aliyejaribiwa kwa jambo zito.

Askofu Festo Kivengere

Festo Kivengere alizaliwa Kigezi mwaka 1919, akawa mwalimu. Mwaka 1941 aliguswa na ule uamsho uliokuwa umeanza Rwanda, pande za Gahini, na kuenea Uganda. Watu wa uamsho, ambao Waganda waliwaita Balokole, walikuwa na neno lao kubwa, "kutembea nuruni." Maana yake ni kwamba mtu akiona kosa moyoni mwake asilifiche likaoza, bali alitaje upesi mbele ya Mungu na mbele ya yule aliyemkosa. Kivengere mwenyewe alisimulia kwamba, baada ya kuokoka, alipanda baiskeli akaenda mbali kwa Mzungu mmoja aliyekuwa akimchukia, amwambie kwamba chuki ile imekwisha na kumwomba radhi. Baadaye yeye na mkewe Mera walikwenda Dodoma, Tanganyika, akafundisha huko miaka mingi. Mwaka 1972 akawa askofu wa Kigezi.

Wakati huo nchi ilikuwa chini ya Idi Amin, na watu wengi waliuawa. Mwezi wa Februari 1977 maaskofu walimwandikia Amin barua kuyapinga mabaya hayo. Tarehe 16 Februari Askofu Mkuu Janani Luwum alikamatwa, akauawa pamoja na mawaziri wawili, na serikali ikatangaza kwamba wamekufa katika ajali ya gari. Ndiyo maana tangu mwaka 2015 siku hiyo ni sikukuu hapa Uganda. Siku chache baada ya mauaji hayo, Kivengere na mkewe walikimbia, wakivuka milima kwa miguu usiku mpaka Rwanda.

Basi mtu huyu alikuwa ameuliwa rafiki na mkubwa wake, tena amefukuzwa katika nchi yake. Nani angemlaumu kwa kumchukia Amin? Hasira yake ilikuwa na kila hati ya haki. Lakini alipokuwa London siku ya Ijumaa Kuu mwaka ule, alikaa kanisani akitafakari msalaba, akaona kwamba uchungu umekwisha kuingia moyoni mwake na unaendelea kukua. Akakumbuka jinsi Bwana alivyowaombea msamaha wale waliompigilia misumari, akatambua kwamba hawezi kumtoa Amin katika sala ile. Akatubu, akamsamehe. Mwaka huo huo akatoa kitabu ambacho jina lake liliwashangaza wengi, maana kwa lugha yetu ni "Nampenda Idi Amin."

Hapa napenda msomaji asinielewe vibaya. Kusamehe si kusema kwamba ubaya ulikuwa wema. Kivengere hakunyamaza juu ya mauaji. Aliendelea kuutangazia ulimwengu yaliyokuwa yakitendeka Uganda, na kuwasaidia wakimbizi. Alirudi nyumbani mwaka 1979, Amin alipokwisha kuondolewa, akafanya kazi mpaka alipofariki mwaka 1988. Tofauti ni kwamba alisema kweli bila sumu. Amin alikuwa amemnyang'anya nchi yake. Kivengere alikataa kumpa na moyo wake pia. Nami naamini kwamba isingekuwa safari ile ya baiskeli ya ujana wake, safari ile ya London ingalimshinda. Aliyezoea kulinda katika madogo hupata nguvu ya kulinda katika makubwa.

Tulindeje?

Kwanza, tulinde mapema. Mtume Paulo aliwaonya Waefeso wasiache jua likachwe wakiwa bado na hasira. Ugomvi wa bwenini ukimalizwa kabla ya kulala huwa neno moja. Ukiachwa wiki nzima hugeuka kuwa makundi mawili.

Pili, tulinde nuruni. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Daudi aliponea siku nabii Nathani alipomsimulia habari ya maskini na mwana-kondoo wake mmoja, akayatoa yaliyofichwa. Kila mtu anahitaji rafiki mmoja mwaminifu wa kumwambia kweli. Lakini si lazima kila kosa litangazwe mbele ya mkutano, kwani hata kutubu kwaweza kugeuka kuwa majivuno. Mara nyingi yatosha kumwambia Mungu, na yule uliyemkosa.

Tatu, tusiuache moyo mtupu. Bwana Yesu alitoa mfano wa nyumba iliyofagiwa ikapambwa, lakini haikuwa na mwenyeji. Pepo aliyetoka akarudi na wenzake saba. Mtu hawezi kukaa akisema tu, "Nisifikiri hili, nisifikiri lile." Na ajaze moyo wake Neno la Mungu, sala, kazi njema, michezo na masomo.

Nne, tusilinde peke yetu. Paulo aliwaandikia Wafilipi kwamba amani ya Mungu italinda mioyo yao, naye alitumia neno la kijeshi, la askari walindao mji. Filipi ulikuwa mji wa Warumi, na wengi wa wazee wake walikuwa wa ukoo wa askari, basi walilielewa neno lile. Na Paulo mwenyewe aliliandika akiwa kifungoni, chini ya ulinzi. Alijua alichokisema: Mungu ndiye askari mkuu langoni, nasi ni wasaidizi wake wa zamu.

Neno la mwisho

Wengine hufikiri kwamba kulinda moyo ni kuufunga, wasimpende mtu, wasiumizwe tena. Huo si ulinzi, ni kaburi. Askari wetu halindi shule ili wageni wasiingie. Asubuhi yeye ndiye afunguaye lango, na watoto huingia wakikimbia. Hulinda ili kesho pawe na shule ya kufungulia. Na moyo wa Mkristo hulindwa ili uweze kufunguliwa.

Basi usiku wa leo, taa ikizimwa bwenini, nawe uchukue tochi yako uzunguke kidogo. Jiulize: Leo jicho langu limekawia wapi? Nimesema "yamekwisha" kwa nani, nayo bado yako? Yuko mtu ambaye jina lake likitajwa uso wangu hubadilika? Ukimwona mwizi, usimfanye mgeni kwa sababu amekuja na hati ya haki. Mwite Mwenye nyumba. Yeye hasinzii.

Mwanafunzi wa zamani