Muundo wa Molekuli na Uimara wa Nyuzi za Polima
Polithini ya mfuko wa kawaida hutanuka na kuchanika kwa nguvu ya vidole. Polithini hiyohiyo, ikitengenezwa kuwa uzi maalumu, hutumika katika fulana za kuzuia risasi. Kinachotofautiana ni urefu na mpangilio wa minyororo ya molekuli. Katika mfuko, minyororo imekunjamana, hivyo mvuto huikunjua na kuitelezesha kabla ya kuvifikia vifungo vya kaboni. Katika uzi, minyororo mirefu mno imenyooshwa sambamba na mhimili, na vifungo hivyo hubeba mzigo moja kwa moja.

Hata hivyo, kunyooka pekee hakutoshi. Minyororo ya polithini hushikamana kwa kani dhaifu, hivyo uzi wake huyeyuka kwenye takribani nyuzijoto 150 za Selsiasi. Kevlar, iliyotokana na ugunduzi wa Stephanie Kwolek nchini Marekani mwaka 1965, ina minyororo migumu yenye pete za benzini, iliyoshikanishwa kwa vifungo vya hidrojeni. Haiyeyuki, bali huvunjika kikemia joto linapozidi nyuzijoto 400. Kwa hiyo, anayechagua uzi wa mavazi ya zimamoto hana budi kuzingatia vifungo vilivyo ndani ya mnyororo pamoja na vile vinavyouunganisha na jirani yake.