Samaki Aliyeokolewa Asiuawe kwa Haraka

Ndugu askari, hapa Kigali samaki wa mapambo hununuliwa akiwa na urefu wa kidole, kisha akakua hata mkia ukagusa kioo. Akiisha kuokolewa na kutiwa katika tangi kubwa, twadhani kazi imekwisha. La! Hapo ndipo hatari ianzapo.

Tangi jipya halina bado vijidudu vya kuondoa amonia itokayo katika uchafu wake. Sumu hiyo yaweza kumwua katika maji meupe kabisa. Kwa hiyo chujio la zamani lihamishwe pamoja naye, wala lisioshwe kwa maji ya bomba, maana klorini huviua vijidudu hivyo. Maji mapya nayo yaondolewe klorini, kisha aongezewe kikombe kwa kikombe. Mji wetu uko mita 1,500 hivi juu ya bahari, ambako maji hushika oksijeni kidogo kuliko pwani. Basi pampu ya hewa isizimwe usiku.

Samaki huzoea ugeni: sambaza walioletwa Ziwa Kivu kutoka Tanganyika kati ya 1958 na 1960 leo ni kitoweo chetu. Askari mgeni huonyeshwa kambi kwanza, ndipo akapewa lindo. Samaki naye tumpe muda.