Kurunzi Iliyoficha Umanjano wa Mtoto

Mama mmoja wa mtaa wa Bondeni, mjini Nakuru, alijifungua salama katika siku za mvua, ambapo umeme ulikuwa ukikatika mara kwa mara. Usiku wa nne alishuku macho ya mwanawe. Akawasha kurunzi mpya aliyonunuliwa na mumewe, akammulika mtoto ubavuni, akaona yu sawa. Nuru ilikuwa kali, yenye kuelekea ubuluu, na kila ilichokigusa kilikuwa na rangi moja ya majivu. Palipopambazuka, mama mkwe alimtoa mtoto barazani, naye akashtuka: weupe wa macho ulikuwa umegeuka manjano. Mtoto alikimbizwa hospitalini, akatibiwa, na leo hajambo, alhamdulillahi.

Akika ilisogezwa hadi siku ya kumi na nne, nasi tukahudhuria. Baada ya chakula baba alituletea kurunzi ile pamoja na boksi lake. Lilikuwa limeandikwa "T6", tena "lumeni 90,000", na betri yake "9,900". Alituuliza: maandishi haya yana ukweli wowote? Tuliona haya kumjibu kwa kubahatisha, tukaenda kuwauliza mafundi na kusoma.

Tulichojifunza ni hiki. Kile kidoa cha manjano unachokiona katikati ya kurunzi ni chipu ya LED. Chipu yenyewe hutoa nuru ya buluu. Juu yake hupakwa unga wa manjano, na mchanganyiko wa hizo mbili ndio unaoonekana kwetu kuwa mweupe. Hakuna kiwanda kiwezacho kuzitoa chipu zote sawasawa. Kwa hivyo kila moja hupimwa na kutengwa kwa daraja: ukubwa wa mwangaza, rangi ya nuru, na kiasi cha umeme inachohitaji. Ni kama chai ya jirani zetu wa Kericho. Jani ni moja, lakini kiwandani huchekechwa, hii ikawa BP1, ile PF1, nyingine vumbi, na kila moja ina bei yake. Anayekunywa vumbi akijua kuwa ni vumbi hakudhulumiwa.

Hiyo "T6" basi si jina la kurunzi. Ni daraja la mwangaza lililotumiwa na kampuni ya Cree ya Marekani kwa chipu yake iitwayo XM-L: isiyopungua lumeni 280 inapopewa umeme wa miliampea 700. Daraja lililo juu yake, U2, huanzia 300. Hata ikisukumwa hadi kikomo chake cha ampea 3, chipu hiyo hutoa takriban lumeni 1,000. Elfu tisini zimetoka wapi? Na betri ya umbo lile, ambayo mafundi huiita 18650, hata iliyo bora huishia karibu na miliampea-saa 4,000. Aliyeandika 9,900 aliandika tu.

Wala si jambo la jana. Mwaka 2009 watafiti kutoka Marekani walinunua nchini Kenya kurunzi za LED za aina tatu zilizokuwa zikiuzwa sana, tano kwa kila aina, wakazipima. Zote zilikuwa chini ya zilivyoandikwa. Uwezo wa betri ulipungua kwa asilimia 30 hadi 50. Hata zile tano za jina moja hazikulingana zenyewe kwa zenyewe. Na wakazi wa Nakuru wanakumbuka kiwanda cha betri cha Eveready, kilichofunguliwa mwaka 1967 na kufungwa mwaka 2014, kampuni ikilalamikia bidhaa rahisi za kutoka nje na za bandia.

Mama anayekwenda dukani afanyeje? Aombe kuiwasha kabla ya kulipa, aimulike kiganjani mwake, na akiwa na hina, amulike hina. Nyekundu ikionekana kahawia iliyokufa, nuru hiyo haifai kumwangalia mgonjwa. Aiache ikiwaka kwa dakika kumi aone kama inafifia. Kwa matumizi ya nyumbani atafute yenye kelvini 4,000 au chini yake, na kipimo cha rangi cha CRI kisichopungua 80. Fundi anayebadilisha chipu naye aonyeshe karatasi ya kiwandani yenye namba kamili ya daraja, maana herufi mbili peke yake hazitoshi. Bidhaa yenye alama ya ubora ya KEBS huweza kuhakikiwa kwa kutuma namba ya kibali chake kwenye 20023. Na tunasisitiza: mtoto mchanga aangaliwe macho na ngozi mchana, kwa nuru ya jua, na ukiwa na shaka mpeleke hospitali, usiitegemee kurunzi hata iwe bora namna gani.

Baba yule alipoirudisha, muuzaji alimwonyesha kibao: mali ikiuzwa hairejeshwi. Hapa ndipo sheria yetu inaposema. Mtume (s.a.w.) alipita sokoni, akatia mkono katika rundo la chakula, akakuta unyevu chini. Mwenye mali alisingizia mvua. Akaulizwa kwa nini hakuuweka juu watu wauone. Neno letu "ghushi" limetokana na lugha ya Hadithi hiyo hiyo. Katika madhehebu ya Imamu Shafi, mnunuzi akigundua aibu iliyofichwa ana khiyari ya kurudisha na kudai thamani yake, mradi asikawie baada ya kujua; na kibao cha ukutani hakimwokoi muuzaji aliyeijua aibu akanyamaza. Tulimweleza hivyo muuzaji mbele ya jirani zake, kwa upole, na fedha zikarejeshwa.

Jirani mmojawapo akatoa kurunzi nyingine, ndogo, isiyo na maandishi makubwa. "Sheikh," alisema, "hii si daraja la kwanza. Mwangaza wake ni mdogo, lakini rangi ni nzuri, na bei yake ni hii." Baba aliimulika kiganjani, akalipa.