Basoko: Paka wanne, beseni moja la mchanga, na harufu inayogombanisha majirani

BASOKO – Mwenye stoo ya mchele Basoko hafugi paka kwa urembo. Katika mji huu wa Tshopo, pale mto Aruwimi unapomwagika katika mto Kongo, biashara inapita mtoni: mchele, mahindi, samaki wa kukaushwa, mafuta ya mawese. Magunia yakilala yakingoja boti la kupanda Kisangani, panya hawako mbali. Paka mmoja analetwa kwa kazi hiyo. Akiwa jike, habari ya paka mmoja haidumu. Mimba yake ni miezi miwili hivi, na watoto wake wa kike wanaweza kushika mimba kabla hawajatimiza miezi sita. Mwaka haujaisha, kuna paka wanne au watano ndani ya nyumba ya vyumba viwili.

Panya wanapungua, lakini kuna shida mpya. Usiku mzima ni mayowe juu ya dari. Asubuhi kuna mkojo kwenye pembe ya mlango, juu ya nguo za mtoto, na siku mbaya zaidi juu ya gunia lenyewe. Mvua ikinyesha siku mbili mfululizo, paka hawataki kutoka, na harufu inavuka ukuta. Katika parseli wanamokaa jamaa tatu au nne, choo cha paka wa mmoja kinakuwa neno la wote.

Nyumba nyingi zinaona hayo kama mambo mawili. Kwa ugomvi, paka mmoja anafukuzwa. Kwa harufu, inamwagwa javeli. Dawa zote mbili hazidumu, kwa sababu mara nyingi ugomvi na harufu ni jambo moja: paka anayeonewa hafiki kwenye choo, basi anajisaidia pale anapojisikia salama.

Babu wa paka wa nyumbani ni paka-mwitu wa Afrika na Mashariki ya Kati, mnyama anayewinda peke yake. Hana desturi ya kundi kama mbwa. Wanadamu wameishi na paka kwa maelfu ya miaka. Kule Cyprus, wachimbaji wa mambo ya kale walikuta paka aliyezikwa pembeni ya mtu miaka 9,500 hivi iliyopita. Lakini miaka yote hiyo haikumfanya apende kushirikiana sahani na mgeni. Majike wa ukoo mmoja wanaweza kulea pamoja bila matata. Madume wawili wasiohasiwa ndani ya nyumba moja ni kesi nyingine kabisa.

Na ugomvi wa paka si lazima uwe wa kelele. Mara nyingi ni wa kimya. Mmoja analala katikati ya mlango, na mwenzake hapiti. Mmoja anakaza macho, mwingine anaacha chakula na kuondoka kama vile ameshiba. Mwenye nyumba anafikiri wanapumzika. Yule aliyezibiwa njia atajikaza hadi ashindwe, kisha kitanda kitalowa. Akipigwa kwa kosa hilo, hofu inaongezeka, na kesho atatafuta mahali pa kujificha zaidi.

Mashauri ya waganga wa wanyama ni wazi juu ya hesabu: choo kimoja kwa kila paka, na kimoja cha ziada. Paka wanne, vyoo vitano. Kwa nyumba ya vyumba viwili hesabu hiyo inachekesha, tukubali. Lakini hata vitatu vilivyotawanywa ni bora kuliko vitano vilivyopangwa mstari mmoja, kwa sababu paka mkorofi anaweza kulinda mstari mzima akiwa amelala tu. Kimoja ndani, kimoja barazani, kimoja nyuma ya jikoni chini ya bati. Kisiwekwe karibu na sahani ya chakula, wala kwenye pembe isiyo na njia ya pili ya kukimbilia.

Chombo si shida. Bidoni ya mafuta ya litre 25, ikikatwa kwa urefu na kuoshwa vizuri kwa sabuni, inatoa vyoo viwili vyenye ukingo wa kutosha. Cha kujaza ndani nacho hakinunuliwi mbali. Mchanga usiotumika bado wa paka unaouzwa dukani ni jambo la juzi: mwaka 1947, katika mji wa Cassopolis, Michigan, Marekani, Edward Lowe alimpa jirani yake udongo mkavu wa kunyonya maji, kwa kuwa mama huyo alikuwa akitumia majivu na paka walikuwa wakimchafulia nyumba kwa nyayo zao. Biashara yote ya leo ilitoka hapo. Kabla ya hapo, kule pia ilikuwa majivu na mchanga.

Mchanga wa mto paka wanaupenda, kwa sababu ni laini chini ya miguu, lakini haunyonyi. Mkojo unashuka na kutuama chini. Vumbi la mbao kutoka kwa maseremala linanyonya vizuri. Kwa hiyo vumbi la mbao chini, mchanga kidogo juu, kimo cha vidole vitatu, ni mchanganyiko wa kujaribu. Unga wa makala ukichanganywa humo unasaidia kushika harufu, ingawa utaona nyayo nyeusi sakafuni. Majivu yanahitaji uangalifu. Kidogo juu ya kinyesi, sawa. Lakini majivu yakimwagwa kwenye mkojo uliokwisha kulala, yanaifukuza amonia itoke hewani, na harufu inakuwa kali zaidi badala ya kufa. Tena majivu mabichi yenye maji yanachoma nyayo za paka, naye akiumia mara moja hatakanyaga humo tena.

Hiyo amonia ndiyo inayouma pua. Mkojo mpya wa paka haunuki sana. Bakteria ndizo zinazovunja urea iliyomo na kuigeuza amonia kadiri saa zinavyopita. Mkojo wa dume asiyehasiwa unazidi kwa sababu umebeba kwa wingi kitu kinachoitwa felinini, chenye salfa ndani yake, ambacho kikivunjika kinatoa ile harufu ambayo kila mtu anaijua hata bila kuona paka. Dawa ya kwanza basi ni saa. Kinyesi na vumbi lililolowa vitolewe kila siku, mara mbili kama paka ni wengi, na chombo kizima kioshwe kwa sabuni na kuanikwa juani kila wiki.

Kutoa kila siku kuna faida nyingine, na hii inawahusu hasa wamama wajawazito. Kimelea cha Toxoplasma gondii, kilichotambuliwa mwaka 1908 katika Taasisi ya Pasteur mjini Tunis, kinazaliana ndani ya matumbo ya paka, ambaye mara nyingi anakipata kwa kula panya. Paka aliyeambukizwa kwa mara ya kwanza anatoa mayai yake katika kinyesi kwa wiki moja hadi tatu. Lakini mayai hayo hayaambukizi palepale. Yanahitaji siku moja hadi tano kukomaa. Kinyesi kikiondoka kila siku, hatari inapungua sana. Mjamzito akiambukizwa kwa mara ya kwanza, mtoto tumboni anaweza kudhurika, kwa hiyo kazi ya choo cha paka ifanywe na mtu mwingine. Kama hakuna mwingine, avae mifuko ya plastiki mikononi na kunawa kwa sabuni. Hakuna haja ya kumfukuza paka. Nyama isiyoiva na mboga zisizooshwa nazo zinaleta ugonjwa huohuo.

Sasa javeli. Hapa kuna kosa linaloweza kumpeleka mtu hospitali. Javeli ikikutana na amonia ya mkojo inatoa hewa yenye sumu, inayochoma macho, koo na mapafu. Katika chumba kidogo kilichofungwa, mtoto au mgonjwa wa pumu ndiye anayeumia kwanza. Kuongeza siki au ndimu juu yake ni kubaya vilevile, maana hapo inatoka hewa ya klorini. Zaidi ya hayo, baadhi ya paka wanavutwa na harufu ya javeli na kurudi kukojoa palepale. Mahali palipokojolewa pakaushwe kwa kitambaa, paoshwe kwa maji mengi na sabuni, na mlango uachwe wazi. Godoro na mkeka vipelekwe juani.

Upande wa ugomvi, kazi inaanzia kwenye sahani. Vichwa vya samaki vikitupwa katika sahani moja, ni kuitisha vita. Kila paka apate sahani yake, mbali na mwenzake, ikiwezekana asimwone. Paka mpya asiachiliwe siku ileile katikati ya wenyeji. Akae kwanza siku kadhaa katika chumba chake. Kitambaa alicholalia kipelekwe kwa wenzake wakinuse, na wao vilevile. Wale pande mbili za mlango uliofungwa. Ndipo waonane kidogokidogo.

Kuhasi madume kunapunguza kupigana, kutembeatembea na kule kurusha mkojo ukutani akiwa amesimama na mkia ukitetemeka. Lisifanywe na mtu wa mtaani mwenye wembe. Mahali pa kuuliza ni huduma ya kilimo, uvuvi na ufugaji ya wilaya, au kwa veterineri huko Kisangani kwa mwenye safari.

Kuna dume asiyestahili kulaumiwa. Anayeingia na kutoka chooni, anajikaza, analia, na hakitoki kitu au yanatoka matone tu, huenda njia yake ya mkojo imeziba. Huyo anaweza kufa kwa siku chache, na anahitaji veterineri siku hiyohiyo.

Na anayewaachanisha paka wanaopigana asitie mkono. Maji ya ndoo, au kifuniko cha sufuria kikigongwa, vinatosha. Paka pia anabeba kichaa cha mbwa. Aliyeumwa au kukwaruzwa aoshe kidonda kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15, kisha aende kituo cha afya hata kama kidonda ni kidogo.

Yanayotolewa chooni yafukiwe katika shimo mbali na kisima na chemchemi. Yasitupwe mtoni, ambako watu wanachota na kuoga, wala kwenye shamba la lengalenga nyuma ya nyumba, hata kama wapo wanaosema ni mbolea.