Hawawshi Nangara, Babati: Nyama Inaingia Mbichi, Bi Mkubwa Atulie

Oya mwanangu, chipsi mayai tumekula mpaka kuku wametuchoka. Kinachobamba sasa ni hawawshi: mkate wa Kimisri, nyama ndani, nje unalia kwakwakwa. Cairo wanamtaja Ahmed al-Hawash kwamba ndiye aliyeanzisha mambo, mwaka 1971. Jamaa alikuwa mtu wa bucha! Siyo shefu wa kofia ndefu. Mchongo wa kitaa kabisa huu.

Usidanganywe na wakishua eti lazima ovni. Hela ya ovni unapata mbuzi, halafu LUKU inakata mkate ukiwa bado unga. Sisi tuna jiko la mkaa na sufuria zito, lile lile la keki za bi mkubwa. Moto chini, moto juu. Freshi.

Cairo wanapasua mkate wa baladi, wenye mfuko, wanashindilia nyama. Babati huo huupati hata uzunguke stendi mpaka konda akupakie gari la Singida. Piga staili ya Alexandria: unga wa ngano, hamira, chumvi, maji vuguvugu, alizeti kidogo. Ukishaumuka, sukuma duara mbili nyembamba, weka nyama katikati, bana kingo.

Nyama sasa. Hapa ndipo wazee wanazingua. Chukua nusu kilo ya kusaga, na umwambie mtu wa bucha aache mafuta. Atakucheki kama umedata. Weka kitunguu, hoho, pilipili, giligilani, bizari nyembamba, pilipili manga, mdalasini kwa mbaali. Halafu inaingia MBICHI. Bi mkubwa atawaka: "Kaangeni kwanza, mtaharisha!" Kausha. Hapo anawaza sambusa. Ukikaanga kwanza, utamu wote unabaki kikaangoni. Ikiingia mbichi, mafuta yanayeyukia kwenye mkate, mkate unajikaanga kwa ndani. Ndiyo mchezo wote huo. Ila tandaza nyembamba, mzee. Ukijaza kwa tamaa utakula nje mkaa, ndani damu.

Paka mafuta nje. Mkaa kiduchu chini, mwingi juu ya mfuniko, dakika 25 hivi, geuza katikati. Kata mmoja uchungulie: ikiwa bado nyekundu, rudisha motoni. TikTok itasubiri.

Dingi atauliza ugali uko wapi. Atauliza tena akiwa na kipande cha tatu mkononi.

Mkwanja? Msimbazi unaondoka bila kuaga, kwa hiyo changeni. Anayekuja na jero ndiye anakata vitunguu, na alie peke yake.

Ukiiita "baga ya Kiarabu" umechoma, futa hiyo post. Wamisri wanashushia na achari. Sisi kachumbari ya ndimu inatosha. Na ukimwona mtu anamiminia tomato sosi ya chupa, mnyang'anye sahani, hata kama nyama kanunua yeye.