Gari la Kuchezea Katika Somo la Sayansi

Mwalimu anayejiandaa kufundisha kani na mwendo katika shule ya msingi aghalabu hulalamika kwamba hana zana. Ilhali nje ya darasa lake watoto wanasukuma magari waliyoyaunda wenyewe kwa waya, makopo na kandambili zilizochakaa. Katika makala haya twakusudia kueleza namna ya kulirekebisha gari la aina hiyo ili liende sawa na lisipinduke ovyo, na namna ya kuifanya kazi hiyo iwe somo.

Vifaa ni vichache: gari lenye ekseli mbili za waya mnene, zilizopitishwa ndani ya vipande vya bomba la kalamu ili zizunguke kwa wepesi, ubao wenye urefu wa mita moja, matofali, rula na chaki. Ubao uegemezwe juu ya matofali uwe mteremko. Gari liachiwe tu kutoka juu, lisisukumwe. Mkono hausukumi kwa nguvu ile ile mara mbili, na majaribio ya namna hiyo hayawezi kulinganishwa.

Tuanze na gari linalokwenda upande. Wanafunzi wachore mstari mnyofu kwa chaki kuanzia chini ya ubao, waliachie gari mara tatu, na kila mara wapime limeuacha mstari kwa sentimita ngapi baada ya mita 2. Hapo watafute sababu. Kwanza, wapime umbali baina ya ekseli ya mbele na ya nyuma, upande wa kushoto kisha wa kulia. Umbali huo usipolingana, gari hupinda kuelekea upande wenye umbali mfupi. Pili, wazungushe kila gurudumu kwa kidole. Gurudumu linalogusa bodi au lenye ekseli iliyopinda hupata msuguano mwingi, na gari huvutwa upande wake.

Kisha gari linalopinduka. Liwekwe kiubavu juu ya ubao, na magurudumu ya upande wa chini yazuiwe kwa kijiti ili lisiteleze. Ubao uinuliwe polepole mpaka gari lianguke, na pembe ipimwe. Gari huanguka pale mstari wa wima kutoka kitovu cha uzito unapotoka nje ya magurudumu. Kwa mfano, ikiwa magurudumu ya kushoto na ya kulia yameachana sentimita 10, na kitovu cha uzito kiko katikati kwa kimo cha sentimita 5, gari litaanguka ubao ukipita digrii 45. Mzigo ukipandishwa hata kitovu kifikie sentimita 10, litaanguka kwenye digrii 27 hivi. Hapo mtoto hufahamu kwa nini lori lililojazwa magunia juu sana ni la hatari kwenye kona.

Sasa tufikie jambo ambalo sisi wenyewe tulilikosea. Siku moja, mbele ya darasa, gari lilikuwa likienda kushoto. Tulinyoosha ekseli, tukapaka sabuni kwenye vibomba, tukabadili na gurudumu moja, yote kwa mara moja. Gari likaenda sawa, darasa likashangilia. Ndipo mtoto mmoja akauliza, "Mwalimu, ni lipi lililoliponya?" Hatukuwa na jibu. Gari lilikuwa limepona, lakini somo lilikuwa limepotea. Ilitubidi turudishe kasoro zote, kisha tuziondoe moja moja, tukijaribu kila hatua. Ilionekana kuwa ekseli peke yake ndiyo iliyokuwa sababu.

Hapana budi basi kila kundi lifuate utaratibu huu: kukisia, kubadili jambo moja tu, kujaribu mara tatu, kupima na kuandika. Watu wanaoshindana kwa magari madogo yanayoongozwa kwa redio hawana siri nyingine. Nao huweka betri, iliyo nzito, chini kabisa. Hupima pembe za magurudumu. Huchagua tairi zinazoshika uwanja. Gari likiteleza nyuma, hushughulikia mshiko wa nyuma. Likikataa kukata kona, hutazama mbele. Mwenye busara miongoni mwao hubadili kimoja, huzunguka uwanja, ndipo akaamua.

Mwisho, twamsihi mwanachuo aliye katika mazoezi ya kufundisha asimnyang'anye mtoto gari ili amtengenezee. Amwulize, "Unadhani ni nini?" kisha angoje. Kisio likiwa baya, gari lenyewe litasema. Katika andalio la somo atenge muda wa kutosha kwa kungoja huko, kwa maana humo ndimo mtoto anamojifunza sayansi.